Safari ya Pangani Niliyoichelewesha

Mama yangu alikuwa mtu wa Pangani, baba Mnyaturu wa Mungaa, na sisi watoto wanne tulizaliwa na kukulia Singida mjini, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyotazamana na majabali. Walikutana kwenye mashamba ya mkonge. Baba alikwenda huko akiwa kijana, kama vijana wengi wa kwetu walivyokwenda, akakata mkonge mpaka akafundishwa kuendesha trekta, kisha lori. Akasilimu, akamwoa mama, akarudi naye bara. Mimi nilikuwa bado tumboni. Tangu siku hiyo mama hakurudi kwao hata mara moja, na wakati ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na mitano.

Barua ilikuja mwezi wa tatu. Mjomba aliandika kwamba macho ya bibi yanaisha. Jicho moja limeshakwenda, la pili linaona kama mtu anayetazama kupitia chandarua. Anaomba aletewe wajukuu wake awaone kabla hilo nalo halijafunga. Mama alijua kusoma Kurani, lakini herufi za barua zilimpa taabu, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomea. Akataka nirudie. Nilipofika katikati mara ya pili, aliinuka akaingia jikoni, akaanza kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Baba aliporudi jioni, mama alimpokea kama kawaida. Alimpa maji ya kuoga, akampa chakula, ndipo akaniita nimsomee. Baba alisikiliza huku anatafuna.

"Mwezi wa sita shule zikifungwa tunakwenda," alisema. "Wote."

"Wote?" mama aliuliza.

"Gari si letu? Sasa nani abaki, afanye nini?"

Gari lenyewe lilikuwa lori la tani tatu, bodi ya mbao, ambalo baba alilinunua likiwa limechoka akalifufua kwa mikono yake. Alibeba alizeti, karanga na vitunguu vya ushirika mpaka Manyoni kwenye reli, na kurudi alileta chumvi na saruji. Hatukuwahi kusafiri nalo pamoja. Mbali kabisa nilikofika mimi ilikuwa Manyoni, na huko nilichokiona ni treni ikiondoka.

Basi nyumba nzima ikaingia katika safari miezi mitatu kabla ya safari. Mdogo wangu anayenifuata, mvulana wa miaka kumi na mitatu, aliazima atlasi ya shule akachora ramani nyuma ya kalenda ya zamani. Manyoni, Dodoma, Morogoro, Chalinze, Segera, Muheza, Tanga. Kila jioni alimhoji baba: petroli inapatikana wapi, daraja gani ni bovu, tutalala wapi siku ya kwanza. Baba alijibu kwa uzito kana kwamba anahojiwa na afisa wa barabara. Siku ya kwanza tungelala Dodoma kwa dereva mwenzake. Siku ya pili Morogoro. Siku ya tatu, kama springi za gari zingekubali, Tanga.

Mama hakujali vituo hivyo. Alichojali yeye ni kipande cha mwisho. "Kutoka Tanga mnashuka kusini," alituambia, "na bahari iko kushoto kwenu, mnaiona, inapotea, mnaiona tena. Hapo baba yenu ataendesha polepole. Hapo sitaki haraka." Mdogo wetu wa kike, wa miaka minane, alitaka kujua bahari ni kubwa kama ziwa Singidani. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Sikumbuki kumwona akicheka hivyo kabla ya hapo.

Baba alitengeneza mabenchi mawili ya mbao, marefu, akayafunga kwa boliti ndani ya bodi, moja kila upande. Juu akaweka fito za chuma na turubai, ili vumbi na jua visituue. Kwa mtoto wetu wa mwisho, wa miaka minne, alitengeneza kizuizi kidogo cha mbao ili asiteleze. Majirani walikuja kutazama. Walisema ni kama basi.

Lakini maandalizi ya mama yalikuwa sisi wenyewe. Alitushonea nguo za kitambaa kimoja, za kijani zenye maua meupe, watoto wote wanne. Akaanza kutufundisha adabu za kwao. "Mkifika mnamshika bibi mkono, mnaubusu. Msimsimamie kichwani kama nguzo." Na Kiswahili chetu kikawa kosa. Tukisema "tunaendaga", alitukata: "Kwetu hawasemi hivyo." Tukichanganya Kinyaturu wakati wa kula, aligonga meza kwa kijiko. "Nisiyasikie hayo Pangani. Watasema nimezalia porini."

Mimi neno hilo liliniingia vibaya. Nilikuwa katika umri wa kuingiwa na maneno. Kwa bibi yetu wa Mungaa, mama yake baba, mama aliitwa "yule Mswahili", na sasa naambiwa kwamba huko Pangani mimi nitakuwa mtu wa porini. Nilijiona nikishuka kwenye lori, nimejaa vumbi, nimevaa gauni la kufanana na mtoto wa miaka minne, mbele ya binamu wanaoongea kama redio. Hamu ya safari ikaanza kunitoka, lakini sikusema.

Ndipo shuleni ikaja ngonjera.

Ulikuwa mwaka ule watu walipokuwa wakihamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Mwalimu wetu wa darasa la saba aliandika ngonjera ya watu wawili: mzee mkaidi asiyetaka kuhama, na binti anayemwelimisha. Mzee alipewa mvulana mwenye sauti nzito. Binti nilikuwa mimi. Nilikuwa na beti kumi na mbili na nilizishika kwa siku mbili. Mpaka leo nazikumbuka, sijui kwa nini akili inatunza vitu hivyo:

*Mzee toka porini, kijiji chakungojea,*
*Maji yatoka bombani, shule yakutazamia.*

Tulipangiwa kuisema siku ya kufunga shule. Lakini wiki ile mwalimu mkuu alitangaza kwamba mgeni mkubwa kutoka Dar es Salaam atapita Jumatano inayofuata, kwa hiyo wanafunzi wa ngonjera wasiondoke. Sisi tulikuwa tuondoke Jumamosi.

Nilimwambia mama kwanza. Alikuwa anapanga madumu ya asali.

"Mtu mwingine hawezi kuyasema hayo maneno?"

"Nimeyashika mimi, mama."

"Na bibi yako?"

Hapo ndipo niliposema jambo ambalo nimelibeba miaka yote. Nikasema, "Bibi mwenyewe haoni. Wiki moja itampunguzia nini?"

Mama hakunipiga. Heri angenipiga. Alifunika dumu, akasema, "Mwambie baba yako."

Baba alinipenda mimi kupita wengine, na wote tulijua. Nilimsomea beti zangu pale uani, nimesimama wima, mikono nikiitupa kama tulivyofundishwa. Alitikisa kichwa kwa furaha. Alikuwa mwanachama mwaminifu wa chama, aliyaamini maneno yale. Mtoto wake kusimama mbele ya mgeni mkubwa ilikuwa kitu.

"Wiki moja tu," alimwambia mama. "Pangani haihami."

"Pangani haihami," mama alisema. "Macho ya mama yangu ndiyo yanayohama."

Baba akasema mjomba ataandikiwa barua. Ikaisha hivyo.

Jumatano mgeni alikuja, akiwa amechelewa saa tatu. Tulisimama juani mpaka mmoja wetu akaanguka. Tulipoanza ngonjera, mgeni alikuwa anaongea na mwenzake aliyekaa kulia, lakini baadaye alinyamaza akasikiliza, na nilipomaliza ubeti wa mwisho alipiga makofi akiwa amesimama. Wazazi wote wakasimama. Nilimtafuta mama kwa macho nikakumbuka kwamba hakuja. Baba alikuwa nyuma, kando ya lori lake. Alikuwa amelileta kwa sababu mchana ule alitaka kujaza mapipa ya petroli, tuwe tayari kwa Jumamosi.

Watu walipoanza kutawanyika, afisa mmoja aliyekuwa katika msafara wa mgeni alilizunguka lori. Akafunua turubai. Nilikuwa nimeshafika, baba amenishika bega.

"Gari la nani hili?"

"La kwangu, mzee."

"Lina mabenchi kabisa."

"Nataka kuwapeleka watoto pwani kwa bibi yao."

"Vizuri sana," afisa alisema. Akapiga benchi kwa kiganja, akalitikisa kuona kama limeshikamana. "Na huyu ndiye binti yako wa ngonjera? Hongera. Umelea." Akatoa daftari mfukoni, akaandika namba za gari.

Kesho yake asubuhi walikuja watu wawili na karatasi. Magari hayatoshi, walisema, watu wa vijiji vya mbali wanatakiwa wawe wamehama kabla ya mwezi kwisha, na kila mwenye gari anaombwa asaidie. Petroli itatolewa. Waliyaona mapipa yetu mawili pale uani wakasema hayo nayo yaje, yatahesabiwa. Baba alijaribu.

"Jumamosi nina safari. Naombeni wiki mbili tu, nikirudi nitafanya kazi hii hata mwaka."

"Mzee, wote wana safari," mmoja alijibu, bila ukali. "Wiki mbili hizo wewe toa kwa taifa, halafu uende na wanao kwa raha zako."

Baba alitia sahihi. Sijui kama angeweza kukataa. Nimewauliza wazee wengine waliokuwa na magari, kuna mmoja aliniambia alitoa betri akaificha chini ya kitanda, akasema gari bovu, wakaondoka. Baba hakuwa mtu wa kuficha betri. Mama alisimama mlangoni na vazi lake la safari likiwa mkononi, alikuwa analikunja. Alisubiri wale watu waondoke. Kisha alimwuliza baba swali moja.

"Tungeondoka Jumamosi iliyopita, tungekuwa wapi leo?"

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi, na kwa ujinga wa mtoto anayejua jibu, akasema, "Tungeshafika. Tangu Jumanne."

Mama akaingia ndani.

Wiki mbili zikapita, zikawa nne. Baba alikuwa akirudi nyumbani usiku mmoja baada ya siku tano sita, amepauka vumbi, macho mekundu, anakula, analala. Hakutusimulia anachokiona. Likizo ilikuwa inaelekea kwisha aliponiambia nijiandae asubuhi niende naye Mungaa, kwa sababu zamu imefika kwa mama yake, na anahitaji mtoto wa kike wa kumfungashia vyombo.

Bibi alikuwa na nyumba ya tembe, pana, paa la udongo, aliyojengewa na mume wake kabla baba hajazaliwa. Ndani mlikuwa na giza la baridi, vihenge vya mtama, na sehemu ya ndama. Tulimkuta amekaa nje mlangoni, amefunga shuka lake jeusi, na hakuwa amefungasha chochote. Nilipiga magoti nikamwamkia. Aliitikia bila kunitazama. Alikuwa anamtazama baba.

Walikuwepo vijana watatu wa mgambo, na mmoja alikuwa wa mjini, aliniona ile Jumatano. Uso wake ukafurahi kweli, hakuwa na nia mbaya. "Wewe si binti wa ngonjera? Basi kazi imekwisha! Mwambie bibi yako yale maneno. Atakusikia wewe."

Nikamtazama baba. Baba alikuwa anatazama tairi.

"Sema basi," yule kijana alisema. "Tangu asubuhi anatugomea."

Nikasema. Nilisimama mbele ya bibi yangu, pale pale ambapo kila Krismasi yake alitunywesha maziwa, nikaanza ubeti wa kwanza. Sauti yangu ilikuwa ndogo na mikono haikunyanyuka. Bibi alisikiliza kwa makini, kichwa upande, kama mtu anayetaka kusaidia. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Nilipofika ubeti wa tatu alinyanyua mkono kunisimamisha, akamgeukia baba, akamwuliza kwa Kinyaturu, "Mtoto anasema nini?"

Baba hakuondoa macho kwenye tairi.

"Anasema upande gari," alisema.

Bibi akainuka. Hakulia wala hakupiga kelele kama majirani zake walivyopiga. Nilifungasha vibuyu, jiwe la kusagia, ngozi yake ya kulalia, na mtama kiasi kilichoingia kwenye magunia matatu. Mwingine ulibaki kwenye vihenge. Vijana wakapanda juu ya paa wakaanza kubomoa, ili asipate pa kurudi, na udongo ulipoanza kuanguka ndani baba aliwasha injini ingawa tulikuwa hatujamaliza kupakia. Bibi alikaa kwenye benchi letu la Pangani, upande wa kushoto, amekishika kile kizuizi cha mtoto kwa mikono miwili. Kijiji kipya kilikuwa mwendo wa saa moja. Hapakuwa na bomba. Palikuwa na vigingi chini na nyasi zilizofyekwa, na karani aliyetuonyesha kigingi cha bibi.

Tulirudi mjini siku ileile, baba na mimi.

Telegramu ilifika wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa. Mwalimu aliniita ofisini akanipa niipeleke nyumbani, kwa sababu tarishi alikuwa ameiacha pale shuleni. Ilikuwa wazi, nikaisoma njiani. Bibi wa Pangani alikuwa ameshazikwa siku mbili zilizopita. Nilipita nyumba yetu, nikaenda mpaka kwenye majabali, nikakaa. Nilitaka mama awe na mama kwa muda wa alasiri moja zaidi. Au nilikuwa naogopa tu. Nikiwa mtu mzima nimejaribu kujipa sababu ile ya kwanza, lakini naijua ya kweli.

Nilipoingia, mama alikuwa anatwanga karanga. Nazi Singida hazikuwepo, alipikia karanga. Nilimpa karatasi ingawa nilijua hasomi vizuri. Akaishika, akaigeuza, akanirudishia.

"Soma."

Nikasoma.

"Rudia," alisema. Nikarudia. Akachukua mchi akaendelea kutwanga, akatwanga mpaka karanga zikatoa mafuta, na wadogo zangu wakaja wakasimama mlangoni wakawa wanamtazama. Baadaye aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Alikuwa haoni kweli. Ulisema sawa."

Baba alikuwa bado porini na lori. Mama hakumsubiri. Alipanda basi la Manyoni na yule mtoto wa mwisho mgongoni, akachukua treni. Alikaa Pangani mpaka arobaini ikapita, na mwezi mwingine juu yake, tukadhani harudi. Alirudi. Alimpikia baba, alimfulia, alimwitikia. Lakini hakumtengea tena chakula akakaa kumtazama anavyokula, kama zamani. Aliweka sahani akatoka.

Lori lilirudishwa mwezi wa tisa, springi zimevunjika na bodi imepasuka. Baba hakulifufua tena. Bibi wa Mungaa aliishi katika kijiji kile mvua mbili. Baba alipomtembelea alimpa kigoda, akampa maji, na aliongea naye kuhusu ng'ombe. Jambo jingine hakuongea naye.

Mimi nikawa mwalimu. Nimefundisha watoto wengi na sikuwahi kuwafundisha ngonjera, nilisema sina kipaji. Nilipoanza kazi niliomba likizo nikaenda Pangani peke yangu, kwa basi. Mama alinielekeza vizuri: pita msikiti, geuka kulia, kaburi la tatu kutoka ukutani. Barabara ya kutoka Tanga niliipita nimelala, nikaamka tumefika. Ukuta haukuwepo. Mjomba alikuwa ameshafariki, na binamu yangu mmoja, mtu mpole anayeongea kama redio kweli, alinionyesha uwanja wenye majani marefu akasema ni hapa hapa, mahali fulani hapa. Nilisimama mahali fulani hapo.

Niliporudi mama aliniuliza kama nimeliona.

"Nimeliona," nikasema.

"Wamelipaka chokaa?"

"Wamelipaka."

"Na pale kichwani? Niliacha jiwe jeupe."

"Lipo."

Mama aliendelea kuchambua mchele. Alichambua ungo mzima, akaupepeta, akautenga. Hakuniuliza tena, siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka tulipomzika, Singida, mbali na bahari.